Tundu Chini ya Kibuyu Kilichoshonwa

Haya, wekeni chini hivyo vyombo mnavyoosha, mnisikilize. Minza ameuliza swali na ninyi mmemcheka, na mimi sikupenda. Ameuliza kwa nini kibuyu hiki cha maziwa, ambacho nimekishona kwa mkono wangu mpaka vidole vimeota sugu, nimekiachia tundu huku chini na kulifutika nta, badala ya kuagiza gundi dukani nikaliziba moja kwa moja. Mliocheka, yupi kati yenu anayejua jibu? Hakuna. Basi kaeni. Kesho mtoto wa Minza anaachishwa ziwa, na mama wa mtoto haingii katika shughuli hiyo bila kujua ilikotoka. Hadithi hii haichekeshi. Anayetaka kuchekeshwa aende kwa jirani, kuna redio.

Kulikuwa na wakati, kabla ya bibi zetu na bibi zao, ambapo watu wa vilima hivi hawakuwa wakishona chombo wala kuziba. Chungu kikipata ufa, kilitupwa. Mkeka ukichanika pembeni, ulitupwa mzima. Msidhani walikuwa matajiri. Walikuwa na shida kama sisi, ila walikuwa na woga mkubwa kuliko shida. Waliamini kwamba mtu akifa hasikii tena njaa wala baridi, lakini kiu ya chombo chake haimtoki. Kibuyu alichozoea kunywea, chungu alichopikia, kata aliyotekea maji, hivyo atavirudia. Akivikuta vizima, atakaa navyo. Na nyumba anayokaa marehemu, walisema, walio hai hawanenepi humo.

Kwa hiyo siku ya maziko, kabla watu hawajanawa mikono, vyombo vyote vya marehemu vilitolewa uani vikavunjwa. Kama mama mzazi yuko hai, yeye ndiye aliyepiga pigo la kwanza. Hakuna aliyemwonea huruma kwa hilo, maana kila mmoja alikuwa ameshapitia au alijua atapitia. Vigae na vipande vilizolewa, vikamwagwa katika korongo lililokuwa nyuma ya kijiji, na mikeka na ngozi za kulalia zikatupwa juu yake. Huko hakushuka mtu. Hata mbuzi akitumbukia humo, mwenyewe alisimama juu akamsikiliza analia, akarudi nyumbani.

Katika kijiji hicho alikuwepo mwanamke jina lake Milembe. Alikuwa mjane, mkali wa maneno, na mikono yake ilikuwa hodari kwa kusuka kuliko ya wote. Katika watoto aliowazaa alikuwa amebakiwa na mmoja tu, Kabula, na Kabula naye alikuwa na kitoto kichanga cha kike kilichoitwa Sayi. Mume wa Kabula alikuwa ameondoka na ng'ombe kutafuta malisho, maana mvua ilikuwa imegoma, akamwacha mkewe na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hakurudi. Wengine walisema amekufa, wengine walisema ameoa huko huko.

Kabula hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa na tabia ya kuimba kwa pua, mdomo umefumbwa, kila anapofanya kazi. Akifagia anaimba, akichanja kuni anaimba, wimbo mmoja ule ule usio na maneno, mpaka mama yake anachoka.

"Wewe mtoto, hebu zipumzishe hizo pua zako," Milembe humwambia.

"Mama nawe, si bora hizi pua kuliko ulimi wako?" Kabula hujibu, na wote wawili hucheka.

Baada ya kujifungua, Kabula aliugua, na ugonjwa ukamng'ang'ania. Maziwa yake yalikauka mapema, akawa anamnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba, na mtoto akazoea kuinyonya shingo ile kama ziwa. Kabula alikisafisha kibuyu hicho mwenyewe, na kila asubuhi alikifukiza moshi wa kijinga cha mti fulani aliouokota vilimani, ili maziwa yasiharibike na yapate harufu nzuri. Mti gani, hakumwambia mtu. Mama yake alipomwuliza, alijibu, "Nitakuonyesha nikipona." Hakupona.

Siku ya maziko Milembe alitolewa uani. Msimamizi wa maziko yote ya kijiji alikuwa Mzee Malugu, kaka wa marehemu mume wake, mtu mpole aliyekuwa amevunja vyombo vya mke wake na vya wanawe bila kufungua mdomo. Alimkabidhi Milembe mchi. "Piga, shemeji," alimwambia. "Ukichelewa itakuwa vigumu zaidi."

Milembe aliupokea mchi, macho makavu. Akaanza na kile kibuyu kidogo. Wengine hupiga mara moja, kikipasuka wakaacha. Yeye hakuacha. Alikipiga na kukipiga kama anayemwadhibu mwizi, kikawa vipande vidogo vidogo, mpaka wanawake wakamshika mikono. Katika hasira yake ya kufiwa alisahau jambo moja, na wote waliokuwepo walilisahau pamoja naye. Kibuyu kile hakikuwa cha Kabula peke yake.

Jioni hiyo hiyo Milembe alikamua ng'ombe, akatia maziwa katika kibuyu chake, akamwekea mtoto mdomoni. Sayi akageuza uso. Akajaribu kwa kata, akatema. Akajaribu kuchovya kidole, mtoto akakifumbia midomo. Majirani walileta vibuyu vyao, vipya na vya zamani, vya shingo ndefu na vya shingo fupi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto wake alijitolea kumnyonyesha, lakini Sayi alikwisha kulisahau ziwa. Kulipopambazuka Milembe alikwenda vilimani akarudi na mzigo wa kuni za kila aina, akavifukiza vibuyu kwa kila moshi alioujua na ambao hakuujua. Ule wa Kabula hakuupata. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akawa halii tena, na hapo ndipo Milembe alipoingiwa na hofu ya kweli.

Siku iliyofuata, jua likiwa juu na watu wote wakiona, Milembe alimfunga mjukuu wake mgongoni akaelekea korongoni. Mzee Malugu alimkimbilia akamzuia njiani.

"Shemeji, unakwenda wapi? Huko kuna wenzetu."

"Kuna vyombo," alisema Milembe. "Na mimi nina mtoto asiyekula. Nipishe."

"Ukivirudisha vya Kabula, umemrudisha Kabula."

"Basi heri arudi amnyweshe mwanawe, maana mimi nimeshindwa."

Mzee Malugu hakuwa mtu wa kugombana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Akampisha. Milembe akashuka, akikanyaga vigae vya vizazi na vizazi, vyungu vya watu aliowajua na watu aliosikia majina yao tu, mikeka iliyooza, vipini vya majembe, viti vya miguu mitatu vilivyopasuliwa katikati. Alilia huko chini, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akapiga magoti akaanza kuokota. Vipande vya kibuyu cha Kabula alivitambua kwa harufu, kimoja kimoja, akikileta puani kama mtu anayechagua dawa. Alivitia vyote kwenye upande wa nguo yake, akapanda navyo.

Nyumbani alivipanga mbele yake mkekani. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwonyesha la kufanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Lakini alikuwa msukaji, na msukaji haogopi vipande. Alitia sindano nene motoni mpaka ikawa nyekundu, akatoboa kandokando ya kila kipande. Akachukua kano za ng'ombe zilizokaushwa, akazilainisha kwa mate, akaanza kuunga. Mahali palipoungana alipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na majivu. Alifanya kazi hiyo huku mtoto amelala mapajani mwake, mwepesi, na kila baada ya muda alimwekea mkono kifuani kusikia kama bado anapumua. Mkiniona mimi nashona taratibu, mfikirieni huyo.

Kibuyu kilipokamilika kilikuwa kimejaa makovu kila upande. Kila kipande kilirudi mahali pake isipokuwa kimoja. Huku chini kabisa palibaki nafasi ndogo, sawa na ukucha wa kidole gumba, ambayo kipande chake hakikuonekana. Kilikuwa kimesagika siku ile ya mchi. Hakuwa na muda wa kurudi korongoni. Aliziba kwa kidole, akatia maziwa, akamwekea Sayi mdomoni.

Mtoto alinusa. Akafungua midomo. Akanywa.

Milembe alicheka na kulia kwa pamoja, na majirani waliokuwa wamechungulia mlangoni wakakimbia kwenda kusema. Alikitundika kibuyu kwenye nguzo ya kati, maziwa yaliyobaki yakiwa ndani, akaondoa kidole. Maziwa yakaanza kudondoka kupitia lile tundu, tone moja, likafuatiwa na jingine. Alitaka kukinga bakuli, lakini kabla hajainuka alisikia kitu kilichomfanya akae palepale. Chini ya kibuyu, mahali matone yalipoangukia, kulikuwa na mtu anaimba kwa pua. Mtu hakuonekana, lakini wimbo ulikuwa ule ule usio na maneno. Na Sayi mapajani mwake aligeuza kichwa upande huo na kutulia.

"Kabula?" aliita.

Wimbo haukukatika. Matone yaliingia ardhini, na ardhi ikabaki kavu na safi kana kwamba hapakumwagika kitu.

Nataka mwelewe furaha ya mwanamke huyo, maana bila kuielewa hamtaelewa yaliyofuata. Alikuwa amezika watoto wake wote, na sasa mmoja amerudi. Kila asubuhi alimnywesha mjukuu, akatundika kibuyu, akaketi karibu na ile nguzo na kuanza kumpa binti yake habari za kijiji, nani kagombana na nani, mtama gani umekauka. Alimtania kuhusu pua zake. Hakujibiwa kwa maneno, aliimbiwa tu, na hilo lilimtosha. Watu walipita mbali na nyumba yake. Hakujali hata kidogo. Alisema kwa sauti, ili wamsikie, kwamba wao na korongo lao wamekuwa wajinga siku zote.

Lakini ukame ulizidi, na ng'ombe alikuwa mmoja. Maziwa aliyotoa yakapungua hadi kuwa ya kubembeleza. Sayi alikuwa akinywa kidogo kidogo, akipumzika na kurudia, kama wafanyavyo watoto waliodhoofika, na kila alipopumzika yale yaliyobaki yalikuwa yakienda chini. Milembe alijaribu kuziba kwa kidole muda wote, wimbo ukawa wa kusononeka, hadi yeye mwenyewe akashindwa kuuvumilia akaondoa kidole. Alijaribu kukinga bakuli. Matone yaliingia bakulini, na bakuli likabaki tupu. Alijaribu kutia maji baada ya mtoto kunywa, ili Kabula anywe maji. Nyumba ikanyamaza kabisa, ikanyamaza kutwa nzima, mpaka akaogopa na kurudisha maziwa.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "kunywa taratibu. Mwachie na mwenzio."

Wimbo uliendelea vilevile. Huo ndio ubaya wa waliotutoka. Hawatuchukii, hawana nia mbaya, ila kipimo hawakijui tena. Kabula alikuwa anampenda mwanawe, nalisema hilo na mtu asinibishie. Alikuwa na kiu tu.

Sayi alibaki mifupa. Nywele zake zikawa nyekundu, tumbo likavimba, macho yakawa makubwa kuliko uso. Mzee Malugu alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akamtazama mtoto, akaitazama na ardhi kavu chini ya kibuyu. Milembe alijiandaa kumtolea maneno makali. Mzee hakumkaripia.

"Shemeji," alisema, "mimi nilivunja chungu cha mke wangu, na mpaka leo najuta kila nikila. Sikuja kukucheka. Nimekuja kukwambia unachokijua. Una watoto wawili na maziwa ya mmoja."

"Nikimfukuza atakwenda wapi?"

"Sijui. Wa kwangu sikuwauliza."

Alipoondoka, Milembe alikaa na donge la nta mkononi. Angeweza kukivunja tena kibuyu, na mtoto angekufa kwa kukosa cha kunywea. Angeweza kukiacha kilivyo, na mtoto angekufa huku anaimbiwa. Akaanza kuifinyanga ile nta kwa vidole. Aliifinyanga muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka ikalainika kupita kiasi na kumng'ang'ania mikononi. Mimi nimefika umri huu na bado sehemu hii hunichoma.

"Kabula," alisema, "nisikilize mama yako. Ulipokuwa mdogo, mwaka wa njaa, nilikunyima chakula nikampa mdogo wako aliyekuwa mgonjwa. Ulilia, lakini ulinielewa. Nielewe na leo. Nakunyima tena. Simpi mwingine, nampa mwanao. Nenda mama, nenda ukapumzike. Usinisikilize nikikuita, maana nitakuita."

Akaifutika nta katika tundu, akaibana kwa dole gumba. Wimbo ulikatika katikati, pale ambapo mwimbaji anavuta pumzi ili aendelee. Sayi aligeuza kichwa kuitazama nguzo, akalia kilio chembamba mchana kutwa, na Milembe akalia naye. Kisha mtoto alichoka, akashika shingo ya kibuyu, akanywa. Safari hii yalimwingia yote.

Alipona. Hakunenepa haraka, lakini alipona, na mvua ziliponyesha alikuwa anatambaa. Watu walipoona mtoto aliyelelewa kwa chombo cha marehemu anatembea uani na kuwafukuza kuku, woga uliwatoka. Walianza kushuka korongoni, wakiona haya kwanza, kisha kwa makundi. Mmoja alirudi na kitako cha chungu cha mama yake, akakisugua ukingo kwenye jiwe, kikawa kikaango cha karanga. Mwingine alikata sehemu nzima za mkeka wa mumewe akazisuka upya kuwa kawa la kufunikia chakula. Ngozi za kulalia zilikatwa zikawa mbeleko. Mzee Malugu alikitafuta kile chungu chake akapata vipande viwili tu, akavitumia kufunikia mtungi wa maji. Walimwendea Milembe awafundishe kutoboa na kushona, naye aliwafundisha wote, hata waliokuwa wamemsema vibaya. Lakini aliwaambia hivi: kila mnachoshona, kizibeni barabara. Msiache kitu kinavuja, hata mkitamani.

Sayi alipoota meno ya kutosha kula ugali, na kibuyu kikawa hakina kazi tena, Milembe alipiga moyo konde akafanya jambo alilokuwa akilingoja tangu siku ya nta. Aliwaita jirani zake wawe mashahidi. Alitia kibuyu maziwa pomoni, maana sasa maziwa yalikuwepo, akakitundika kwenye nguzo ile ile, akaing'oa nta kwa ukucha.

"Haya, mwanangu," alisema. "Sasa kunywa. Yote ni yako."

Matone yalianguka. Milembe aliinamisha kichwa asikilize, na wengine wote wakanyamaza. Maziwa yaliloanisha ardhi, yakafanya kidimbwi cheupe, yakatiririka mpaka karibu na mlango, na nzi wakaja. Kabula hakuja. Alikuwa ameambiwa aende, akaenda. Milembe alingoja mpaka kibuyu kikamalizika, akamwita kwa jina lake, akamwita kwa jina la utotoni. Halafu akachukua ufagio na mchanga mkavu akafukia pale palipolowana, akaliziba tundu, akamwandalia mjukuu wake chakula.

Na kuanzia hapo ndipo sisi tulipoacha kuvunja vyombo vya wafu wetu. Tunavishona, tunavikata, tunavigeuza kuwa kitu kingine, tunaendelea kuvitumia. Kibuyu cha maziwa kikishonwa, hata kama vipande vyote vimepatikana, hutobolewa tundu moja huku chini na kufutikwa nta, inayoweza kutoka. Gundi haitoki, Minza. Ndiyo maana sikuinunua.

Kibuyu hiki kilikuwa cha mama yako. Kesho mtoto akishalishwa ugali mbele ya watu, utakabidhiwa kikiwa kimejaa maziwa. Utaing'oa nta kwa ukucha, utamtaja mama yako, na sisi sote tutanyamaza tusikilize. Mimi nimeshamsikilizia mama yangu hivyo hivyo, na dada zangu wawili, na kesho nitamsikilizia binti yangu. Hajawahi kuja hata mmoja. Yakishamalizika kudondoka utaziba, utambeba mwanao, utaingia ndani ukamlishe.